Redio ya Tumboni

Kidude chenyewe kilikuja kutoka Dubai ndani ya kopo la maziwa ya unga, kimezungushiwa soksi mbili za kiume ambazo Bakar aliapa kuwa ni mpya. Bakar ni binamu yake Haroub, na kila anacholeta kutoka Dubai hukificha, hata ikiwa ni sabuni, kwa kuwa anaamini watu wa forodha hawana kazi nyingine ila kumngoja yeye. Safari hii, hata hivyo, kuficha kulikuwa na maana. Kidude kilikuwa mashine ya kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni, na tumbo lililokusudiwa, la Salhiya mke wa Haroub, halikuwepo. Lilikuwa la miezi saba, likitangulia kuingia mlangoni kabla ya mwenyewe, lakini kwa amri ya Bi Mashavu halikuwepo.

Bi Mashavu ni mama yake Haroub. Nyumba ya Kiponda, ya ghorofa tatu na ngazi za kumvunja mtu magoti, ni yake, na kauli ndani ya nyumba hiyo ni yake vilevile. Mimba ya kwanza ya Salhiya iliharibika ikiwa na miezi mitano, miaka miwili nyuma. Daktari alisema sababu haijulikani. Bi Mashavu aliijua siku hiyo hiyo, na wala hakuhitaji kipimo: ni kijicho. Salhiya alikuwa akienda kliniki mchana kweupe, kadi mkononi, akikaa benchi moja na wanawake ishirini, na kila mwanamke ana macho mawili. Macho arobaini kwa tumbo moja, lingepona vipi?

Kwa hiyo mimba ya pili ilikuwa siri. Siri hiyo aliijua Haroub, na dada yake Khairat, na shangazi Thuwaiba wa Ng'ambo, na jamaa wa Mbweni, na jamaa wa Maskati, na jamaa wa Dubai, na mjomba mmoja wa London ambaye hajatia mguu Unguja tangu alipoondoka na suti ya kuazima. Kwa jumla watu arobaini na watatu, ndio wote waliokuwemo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Zaidi ya hao hakuambiwa mtu. Bi Mashavu alijivunia sana uwezo wake wa kuhifadhi siri.

Na mtu asimhurumie Salhiya upesi. Salhiya ni mwalimu wa fizikia. Kazi yake, kabla hajaamriwa kuchukua likizo na kukaa ndani, ilikuwa kuwafundisha watoto wa watu wasikiamini kipimo chochote mpaka wajue kinapima nini. Desturi ni kwamba mwanamke akikaribia uzazi wa kwanza huenda kwao, lakini mama yake alikwisha kufariki, na kwao Makunduchi walibaki kaka wawili na mbuzi. Akabaki Kiponda, na Kiponda ndiko redio ilikomkuta.

Redio ni jina alilolitoa Bi Mashavu, kwa sababu lile la kwenye boksi hakuna aliyeweza kulitamka. Walikifungua kidude siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Maelezo ya matumizi yaliandikwa Kichina, na chini yake Kiingereza ambacho aliyekiandika hakukipenda. Khairat aliyachukua akayasoma kwa kukunja uso. Aliwahi kusoma famasia mwaka mmoja, akaacha kwa sababu ya harufu, na tangu siku hiyo yeye ndiye daktari wa nyumba. Alimlaza Salhiya kwenye kochi la ukumbini, akampaka ute wa baridi uliokuja na mashine, akaanza kupitisha kichwa cha kidude juu ya tumbo kama anayepiga pasi.

Kwa dakika tano haikusikika ila mikwaruzo. Salhiya alikuwa tayari ameshakata tamaa, ameshaliona lile benchi la kliniki mbele ya macho yake, ndipo sauti ikaja kutoka upande wa kulia, chini kabisa, haraka haraka, kama cherehani inayoshona pindo refu. Kioo kidogo kikaandika 146. Salhiya alilia. Alilia kwa furaha, na hilo halina cha kuchekwa.

Haroub alipiga picha kioo akaituma kwenye kundi. Kundi zima lilijibu Mashaallah, na mjomba wa London akaongeza maua. Bi Mashavu, ambaye mwezi mzima alikuwa akimkataza mkwewe hata kuchungulia dirishani, aliamuru sauti yenyewe irekodiwe na itumwe nayo, ili wa Maskati wasije wakaona wametengwa. Kisha akatoa hukumu iliyokuwa ikingojewa.

"Sasa redio imo ndani," alisema. "Kliniki ya nini tena?"

Salhiya hakupinga, na hapa ndipo pa kumlaumu. Ni kwenye benchi lile, miaka miwili nyuma, ambapo nesi alimgusa bega na kumwambia aingie chumba cha pili, na kwa jinsi alivyomgusa Salhiya akajua kabla ya kuambiwa. Safari hii mkunga Bi Tabia, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alimtaka aje kila wiki mbili. Na katikati ahesabu mateke. "Mtoto akipunguza kucheza, usingoje kesho, njoo," alimwambia. Salhiya alikwenda mara mbili, na mara zote mbili alikaa kwenye benchi akiutazama mlango wa chumba cha pili. Kisha redio ikaja, na yeye akapata kisingizio alichokuwa akikitafuta. Mama mkwe alidhani ametiiwa.

Wiki sita redio ilipigwa. Ilipigwa asubuhi kwa ajili ya kundi, ambapo Haroub alituma namba kabla ya kwenda dukani kwake Darajani, kama wanavyotangaza hali ya hewa. Ilipigwa alasiri kwa ajili ya wageni, waliokuja wawili wawili, wakapewa chai na visheti, wakasikiliza tumbo lisilokuwepo. Mmoja alisema ni mwanamume, maana ana haraka. Mwengine alisema ni mwanamke, maana hanyamazi. Na katikati ya hapo Salhiya aliipiga peke yake chumbani, mara tano, mara nane, siku moja mara kumi na moja. Alipoisikia cherehani alitulia robo saa. Baada ya robo saa khofu ilirudi pale pale ilipokuwa imekaa, ikauliza: na sasa je?

Ute uliokuja na mashine uliisha wiki ya pili. Khairat, kwa utaalamu wake wa mwaka mmoja, alishauri jeli ya nywele. Tangu hapo tumbo la Salhiya likanukia saluni.

Jumanne moja, mimba ikiwa na wiki thelathini na nne, Salhiya aliamka akakunywa uji. Mtoto alikuwa na mazoea yake: uji ukishashuka, naye huanza, mguu huku, kiwiko kule, kama anayetafuta kitu kilichomwangukia. Siku hiyo uji ulishuka na hakutafuta kitu. Salhiya akangoja. Akalala ubavu wa kushoto kama alivyofundishwa na Bi Tabia. Akanywa maji ya baridi. Hadi adhuhuri alihesabu teke moja, na hilo lenyewe hakuwa na hakika nalo, huenda lilikuwa njaa.

"Hajacheza," alimwambia Khairat.

"Hebu tumsikie," Khairat alisema, na redio ikaja.

Mara hii ilichukua muda. Khairat alitafuta kulia, chini, pale pa siku zote, akakosa. Akahamia kushoto, akakosa. Mwisho akakikandamiza kichwa cha mashine katikati, juu kidogo ya kitovu, na sauti ikatoka. Haikuwa cherehani. Ilikuwa nzito zaidi, ikivuma, kama mtu anayefagia ua kwa hasira. Kioo kikaandika 118.

"Huyo," Khairat alisema. "Kahama tu."

"Sauti si ile."

"Si kageuka, wifi. Ukimsikiliza mtu mgongoni na ukimsikiliza kifuani ni sawa?"

Haroub aliporudi kula alikuta mjadala, akafanya linalomstahiki mwanamume mwenye akili: alisoma maelezo. Mia na kumi mpaka mia na sitini, ndivyo yalivyosema. Mia na kumi na nane imo ndani. "Namba haisemi uwongo," alimwambia mkewe, akamshika kichwa kwa upole. Haroub si mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe, maana ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Akatuma: *118, leo katulia, alhamdulillahi.* Mjomba wa London alijibu kwamba moyo wa polepole ni dalili ya mchezaji mpira.

Bi Mashavu naye alikuwa na maelezo yake. Mtoto akikaribia kuzaliwa huona haya. Halafu mahali penyewe pamembana, atacheza wapi? Halafu mama yake anamsumbua kwa redio mchana kutwa, hata wewe ungenuna. Kila mtu alikuwa na jawabu, na kila jawabu lilikuwa zuri. Salhiya aliyapokea yote. Aliyataka. Lakini alipolala jioni mkono juu ya tumbo, tumbo lilikuwa limekaa tu, zito, na khofu ikampanda mpaka masikioni.

Jioni hiyo redio ilisoma 121. Jumatano asubuhi ikasoma 124. Adhuhuri, Salhiya akiwa hakula, ikasoma 131.

"Si unaona inapanda?" Bi Mashavu alisema. "Mtoto anapata nguvu. Nyinyi wasomi mna wasiwasi sana."

Jumatano hiyo baada ya alasiri akaja shangazi Thuwaiba. Shangazi Thuwaiba ni dada yake marehemu baba yake Haroub, ana miaka sitini na minne, uzito wa kumtosha, na presha ambayo huizungumza kwa heshima kama mume wa pili. Alipanda ghorofa tatu, akafika juu hana pumzi. Salhiya alimwamkia, naye akaitikia marahaba baada ya kukaa, kuvua viatu na kunywa gilasi mbili za maji. Akasikilizishwa redio. Akasema mashaallah mara tatu. Kisha akauliza kama chombo hicho husikiliza mtoto peke yake, au husikiliza na mengine.

"Mengine kama yapi, shangazi?"

"Gesi," shangazi Thuwaiba alisema. "Wiki ya pili hii tumbo langu halisemi na mie. Hebu nitie."

Bi Mashavu alicheka, Khairat akacheka, na kwa kuwa hakukuwa na mwanamume ndani, shangazi alilala kwenye kochi akafunua tumbo, akapakwa jeli ya nywele. Khairat akakandamiza juu ya kitovu, maana pale ndipo alipopazoea tangu jana.

Redio ikavuma. Kwa nguvu, bila ya kutafuta, kama mtu anayefagia ua kwa hasira. Kioo kikaandika 104.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Shangazi Thuwaiba aliinua kichwa kutazama tumbo lake. "Astaghfirullah," alisema. "Mie mume wangu mwaka wa kumi na tatu huu yupo kaburini."

"Basi huyo wa nani, Thuwaiba?" Bi Mashavu aliuliza, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Sema, mie sitomwambia mtu. Unanijua kwa siri."

"Labda wa daktari wa presha."

Walicheka mpaka Khairat akakaa chini. Salhiya peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya meza ya chai na kisahani mkononi, na kitu kilikuwa kimeanza kumwambia jambo ambalo hakutaka kuambiwa. Aliweka kisahani. Akachukua redio mkononi mwa Khairat, akamfunua Khairat blauzi akiwa bado anacheka, akakandamiza. Ikavuma. Themanini na sita.

"Wifi, mie sijaolewa," Khairat alisema, na wazee wakacheka upya.

Salhiya alikaa. Akaweka kichwa cha mashine juu ya tumbo lake, pale katikati, na vidole viwili vya mkono wa pili akavitia shingoni, chini ya taya. Redio ilipiga. Shingo ikapiga. Vilipiga pamoja. Akabana pumzi, akahesabu ishirini, na hata pigo moja halikumtangulia mwenziwe. Akarudia, maana ndivyo alivyokuwa akiwafundisha watoto wa watu. Akarudia mara ya tatu. Kioo kilikuwa kimefika 138, na kilikuwa kikiendelea kupanda.

Tangu jana ilikuwa yeye. Mtoto hawakuwa wamemsikia tangu Jumatatu.

"Nnakwenda hospitali," alisema.

Bi Mashavu alijifuta macho. "Sasa hivi? Magharibi hiyo inaingia, mwanangu. Mja mzito hatoki saa hizi. Ngoja isaliwe, Haroub arudi, mtoke kwa heshima. Na si umesikia mwenyewe, mia na thelathini..."

"Ni mimi, mama."

"Nini wewe?"

"Huo moyo ni wangu. Kama huo wa shangazi ni wa shangazi." Alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu. "Mtoto hatujamsikia siku mbili."

Bi Mashavu akafungua mdomo kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na pengine alikuwa ameshafika katikati yake. Aliyemkata kauli ni shangazi Thuwaiba, ambaye alikuwa ameinuka kwenye kochi bila ya kujifuta. Alichukua buibui lake mwenyewe kwenye kiti, akamvisha Salhiya kichwani kama anavyovishwa mtoto, akamfunga ushungi.

"Nenda," alisema. "Heshima tutakuja nayo sisi nyuma."

Salhiya alishuka ngazi mkono mmoja ukutani, Khairat nyuma yake anampigia simu Haroub. Gari haliingii Kiponda, lazima mtu atembee mpaka barabara kuu, na kutembea Kiponda saa kumi na moja na nusu ni kupita mbele ya kila baraza, na kila baraza lina watu, na kila mtu ana salamu: hujambo, watu hawajambo, za tangu juzi, wasalimie. Salhiya alipita na tumbo lake la miezi minane ndani ya buibui lisilo lake, na hakumwitikia mtu. Siri ya Bi Mashavu ilivunjika kwa mwendo wa dakika tano.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyeshangaa. Wanawake wa mlango wa kwanza walisogea tu. Mzee Shaame, anayeuza kahawa penye njia panda, alisogeza birika lake na mkaa wake ili apite, akasema bila ya kumkazia macho, "Mungu akupe salama, mwanangu. Tunakuombea tangu mimba ya miezi mitatu." Hayo ndiyo macho aliyofichwa yasimwone. Salhiya alianza kulia hapo, akaendelea kwenda.

Hospitali, Bi Tabia alikuwa zamu. Alimtazama Salhiya alivyoingia, akamwacha aliyekuwa akimwandikia. Hakumpeleka kwenye benchi.

"Mara ya mwisho kacheza lini?"

"Jana asubuhi," Salhiya alisema. Kisha akasema kweli. "Hapana. Juzi usiku."

"Na leo ndio umekuja."

Bi Tabia alimlaza, akatoa kijipembe cha mti cha kusikilizia, kile ambacho kila mkunga wa zamani anacho na kila daktari kijana hukicheka, akakiweka juu ya tumbo, akaweka sikio, na kwa mkono mwengine akamshika Salhiya kifundo cha mkono ili ajue upi ni moyo wa nani. Jambo dogo tu, la kushika mkono. Kisha akafumba macho. Alihamisha kijipembe mara moja, mara mbili. Khairat alikuwa amesimama mlangoni, ameishika redio kifuani, hata hajui kwamba amekuja nayo.

Salhiya hajui ilichukua muda gani. Alikuwa akitazama uso wa Bi Tabia akitafuta ule mguso wa bega. Alimwomba Mungu kwa maneno ambayo hakuyapanga, akamuahidi mambo asiyoyaweza.

"Yupo," Bi Tabia alisema. "Yupo, lakini anakwenda polepole, na mara nyengine anasita." Alikuwa tayari yupo mlangoni anamwita daktari. Aliporudi aliona alichoshika Khairat. "Na hicho nini?"

"Cha kusikilizia," Khairat alisema kwa sauti ndogo.

"Mlikuwa mkimsikiliza nani?"

Khairat alikitia kidude ndani ya mtandio. Bi Tabia hakungoja jawabu. Alimvua Salhiya buibui la shangazi, akainusa ile jeli, akatikisa kichwa. "Mficha uchi hazai," alisema, si kwa ukali, huku akiandaa sindano. "Ningekuona kila wiki mbili, haya tungeyajua mapema. Lala sawasawa. Tunakwenda kumtoa."

Walimtoa kabla ya isha, kwa kisu. Alikuwa mwanamke, kilo moja na gramu mia nane. Alichelewa kulia, kisha akalia kidogo, kama aliyeamshwa kwa jambo lisilomhusu. Daktari alieleza baadaye kwamba kondo la nyuma lilikuwa limechoka, halimfikishii mtoto anachohitaji, na mtoto wa hali hiyo huacha kucheza ili asipoteze nguvu. Kuhusu kama wangengoja mpaka kesho, daktari alisema tu kwamba vizuri hawakungoja. Wakamweka kwenye chumba cha joto, na Salhiya akaambiwa ataonyeshwa asubuhi, na kwamba siku tatu za mwanzo ndizo za kuangaliwa.

Asubuhi alionyeshwa. Alipitisha kidole kwenye tundu la boksi la kioo, na mtoto akakishika. Mkunga wa zamu ya asubuhi alimwambia hiyo ni dalili njema. Salhiya aliuliza maana ya dalili njema ni nini hasa, kwa asilimia, na mkunga akamwambia arudi kitandani akapumzike.

Haroub alikuja na chupa ya uji na simu. Hakuwa amelala, macho yalimwiva. Uji aliuweka kando, maana alikuwa na khabari. Ukoo mzima ulikuwa umeshajua, na Bi Mashavu alikuwa ameshasimulia ilivyokuwa, kwa sauti, dakika saba. Kwa mujibu wa Bi Mashavu, redio ndiyo iliyomwokoa mtoto. Isingekuwa redio, nani angelijua? Yeye mwenyewe alishuku tangu Jumanne, ila hakutaka kuwatia watu khofu. Bakar ameagizwa nyengine mbili. Na hii iliyopo anapelekewa mkewe Mjaka, binamu yao wa Fumba, ana mimba ya miezi sita, ila hiyo ni siri.

Salhiya aliomba simu. Akampigia mkewe Mjaka hapo hapo, kidonda kinamvuta kila anapovuta pumzi, akamweleza yote: shangazi Thuwaiba, vidole shingoni, mateke ya kuhesabu, Bi Tabia na kijipembe chake. Mkewe Mjaka alisikiliza kwa adabu. Alimpa pole, akamshukuru sana, akauliza kama mashine inakuja na chaja yake.

Salhiya akarudisha simu. Haroub aliiweka mfukoni, akaitoa tena, akawa anaipitia kwa kidole gumba, juu na chini, zile namba alizotuma.

"Lakini mie siamini," alisema. "Mia na ishirini na moja. Mia na ishirini na nne. Nlisikia kwa masikio yangu, Salhiya. Jumanne nlilala raha mustarehe. Nlikuwa nkisikia mtoto mzima."

"Ulikuwa unanisikia mie," Salhiya alisema. "Nlikuwa nnaogopa. Nlivyozidi kuogopa namba ikazidi kupanda, na ilivyozidi kupanda nyie mkazidi kufurahi. Siku mbili mmekaa ukumbini mnaisikiliza khofu yangu, mnasema alhamdulillahi. Ukawatumia mpaka watu wa London."

Haroub aliacha kupitia simu.

"Nlikuwa nimelala hapo, Haroub, mdomo ninao. Mliuliza tumbo."

Nje ya chumba kigari cha vyombo kilipita, magurudumu yake yanalia, kikasita kwenye mlango wa pili. Haroub aliizima simu. Akavuta kiti, akakisogeza mpaka magoti yake yakagusa kitanda, na akamtazama mkewe usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Sasa hivi unaogopa?" aliuliza.

"Nnaogopa," Salhiya alisema.

"Na mie," alisema Haroub, akafungua chupa akammiminia uji.